Ukame Huingia Hata Kiwandani
Somo kwa vikundi vya masomo vya wanachama



Katika matawi yetu tumezoea kusikia maneno haya: "Ukame ni shida ya wafugaji wa Karamoja na wakulima wa vijijini. Sisi tunalipwa mshahara." Maneno haya si ya kweli. Mchumaji wa chai, mkata miwa, mwendesha mashine na hata karani wa mizani, wote huumizwa na ukame. Tofauti ni kwamba mfugaji humwona ng'ombe wake akianguka. Sisi ukame hutujia kwa njia ya kikapu chepesi, zamu iliyofutwa na bei ya unga dukani. Kwa hiyo hatuuiti kwa jina lake. Tunasema tu kwamba "mwezi huu ulikuwa mbaya."

Somo hili tumeliandika lisomwe kwa sauti katika kikundi, sehemu moja baada ya nyingine, na asiyejua kusoma asikilize na achangie. Tumeliandika kwa Kiswahili kwa sababu katika kambi zetu wako watu wa Teso, Acholi, West Nile, Busoga na Kigezi, na ndugu waliotoka Rwanda, Burundi na Kongo. Kiswahili ndiyo lugha inayotukutanisha.

1. UKAME NI NINI?

Kwanza tutofautishe kiangazi na ukame. Kiangazi huja kila mwaka, na kila mtu anakijua. Kusini mwa Uganda tuna mvua za aina mbili: za Machi hadi Mei, na za kuanzia Septemba hadi karibu Desemba. Kati yake ni kiangazi, na hilo si jambo la kuogopa. Karamoja wana msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Ukame ni pale mvua tuliyoitegemea inapokosa kuja, au inapokuja kidogo, au inapokatika mapema kabla mmea haujakomaa.

Ukame hauji wote kwa siku moja. Huja kwa hatua nne:

Hatua ya kwanza ni ukame wa mawingu. Mvua inakosa, lakini shamba bado ni la kijani kwa sababu udongo una maji yake ya akiba.

Hatua ya pili ni ukame wa udongo. Mizizi haipati maji. Majani ya chai hayachipui, mahindi hukunja majani, na miwa hubaki myembamba.

Hatua ya tatu ni ukame wa mito, visima na maziwa. Hatua hii huchelewa kuja, na huchelewa kuondoka pia. Mvua inaweza kurudi leo na kisima kikabaki kikavu kwa muda mrefu.

Hatua ya nne ni ukame wa mfuko. Chakula hupanda bei, kazi hupungua, madeni huongezeka. Hatua hii humfikia mfanyakazi hata kama anaishi mbali na pale mvua ilipokosa.

Mtu akielewa hatua hizi nne, anapata faida moja kubwa. Akiona hatua ya kwanza, anajua kwamba ya nne iko njiani, na ana muda wa kujitayarisha.

Ukame unatoka wapi? Sababu moja iko mbali sana nasi, katika Bahari ya Pasifiki. Maji ya bahari ile yanapopata baridi kuliko kawaida katika sehemu zake za kati na za mashariki, hali ambayo wataalamu huiita La Ninya, mvua za mwisho wa mwaka katika Afrika Mashariki mara nyingi huwa chache. Maji yale yanapopata joto, hali ya El Ninyo, sisi mara nyingi hupata mvua nyingi na mafuriko, lakini ndugu zetu wa Zambia, Malawi na Zimbabwe hupata ukame. Sababu ya pili ni joto la dunia linaloongezeka kwa sababu ya moshi wa makaa ya mawe na mafuta unaotoka zaidi katika nchi tajiri. Joto hili hukausha udongo haraka, kwa hiyo mvua ile ile haitoshi kama ilivyotosha zamani. Sababu ya tatu tunaiona kwa macho yetu: misitu kukatwa na mabwawa ya matete kulimwa, hata maji hayana pa kukaa.

Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa mwaka 2022, misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo katika sehemu kubwa za Somalia, kusini na mashariki mwa Ethiopia, na kaskazini na mashariki mwa Kenya. Serikali ya Kenya ilitangaza janga la taifa Septemba 2021. Kwa Somalia peke yake, wataalamu wa afya walikadiria kwamba watu 43,000 zaidi ya kawaida walikufa katika mwaka 2022, na karibu nusu yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hapa kwetu Karamoja ilipata njaa kali mwaka huo huo wa 2022.

2. MCHUMAJI WA CHAI NA MIZANI

Chai hupenda mvua iliyogawanyika vizuri katika mwaka. Mvua ikikosa, mti wa chai haufi upesi, lakini hulala. Machipukizi huwa madogo na magumu. Mzunguko wa kuchuma uliokuwa wa siku saba au kumi hurefuka. Mchumaji hutembea mistari mingi kutafuta jani la kuweka kikapuni, akichoka kuliko siku za mvua, na jioni mizani humwonyesha kilo chache.

Kwa sababu wengi wetu tunalipwa kwa kilo, yaani kazi ya kipande, hasara yote ya mvua huangukia juu ya mabega ya mchumaji. Tufanye hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Kila kikundi kiweke tarakimu zake.

Mwezi wa mvua: mchumaji anachuma kilo 40 kwa siku, siku 26. Jumla ni kilo 1,040. Akilipwa shilingi 100 kwa kilo, anapata shilingi 104,000. Unga wa posho ukiwa shilingi 2,000 kwa kilo, mshahara wake unaweza kununua kilo 52 za unga.

Mwezi wa ukame: anachuma kilo 15 kwa siku, na anaitwa kazini siku 18 tu. Jumla ni kilo 270, yaani shilingi 27,000. Unga nao umepanda hadi shilingi 3,500. Sasa mshahara wake hauwezi kununua hata kilo 8.

Angalieni vizuri. Bei ya kilo ya majani haikubadilika hata kidogo. Mwajiri anaweza kusema, "Sikupunguza malipo." Lakini mfanyakazi ametoka kilo 52 za unga hadi chini ya kilo 8. Hii ndiyo maana tunasema kwamba kumtazama mfanyakazi kwa bei ya kilo peke yake ni kumtazama kwa jicho moja.

Mambo hayaishii shambani. Inahitajika karibu kilo nne na nusu za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu. Majani yakipungua, kiwanda cha chai huendeshwa siku chache. Wanaokausha, wanaochambua, wanaofunga magunia na madereva wa matrekta, wote hukosa siku.

3. MIWA: HASARA HUCHELEWA KUFIKA

Muwa ni tofauti na chai. Hukaa shambani mwaka mmoja, au mwaka na nusu, na pengine zaidi. Kwa hiyo ukame wa mwaka huu unaweza kuonekana kiwandani mwaka ujao. Ili kupata tani moja ya sukari, kiwanda husaga karibu tani kumi za miwa. Miwa ikiwa myembamba, mkata miwa anayelipwa kwa tani hukata mashina mengi zaidi kufikisha tani ile ile.

Kisha kuna mtego. Miwa ikiwa haba, viwanda hugombania kidogo kilichopo na kuvuna miwa michanga. Muwa mchanga hauna sukari nyingi, na ukishakatwa mapema, mwaka unaofuata shamba halina kitu. Ukame wa miezi sita unageuka kuwa upungufu wa miaka miwili. Uganda tuliona mambo kama haya baada ya ukame wa 2016, pale sukari ilipokuwa haba na bei yake kupanda sana mwaka 2017. Mfanyakazi aliyeikata sukari ile shambani alishindwa kuiweka katika chai ya watoto wake.

Tena miwa mikavu huwaka moto upesi. Wakati wa ukame kila tawi la miwa liulize: njia za kuzuia moto zimesafishwa? Nani anaitwa moto ukitokea, na anavaa nini?

4. KIWANDA, ZIWA NA UMEME

Ndugu wa viwanda vya nguo, vyuma, sabuni na vinywaji huko mjini, msidhani kwamba ukame ni wa shambani tu. Umeme wetu mwingi hutoka katika maji ya Mto Nile, na Nile hutoka Ziwa Victoria.

Bwawa la Owen Falls pale Jinja, ambalo leo huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Baadaye liliongezwa bwawa la Kiira kando yake. Kulikuwa na mapatano ya zamani kwamba maji yatakayopitishwa yafuate kipimo cha maji ambayo ziwa lingeyatoa lenyewe kama bwawa lisingekuwapo. Kati ya 2003 na 2006 ziwa lilishuka zaidi ya mita moja. Mvua zilikuwa chache, lakini wataalamu wa maji waliochunguza jambo hili walisema kwamba karibu nusu ya kushuka huko kulitokana na maji kupitishwa mabwawani kuliko kile kipimo. Yaani ukame ulileta nusu ya shida, na nusu nyingine ililetwa na mipango ya watu.

Matokeo tuliyaona. Mwaka 2005 na 2006 umeme ulikatwa kwa mgao, mara nyingi saa nyingi kwa siku. Serikali ilikodi mitambo ya dizeli, na bei ya umeme ikapanda. Viwanda vikubwa vilinunua jenereta. Viwanda vidogo vilifuta zamu. Mfanyakazi wa kutwa aliyefika getini asubuhi aliambiwa, "Hakuna umeme, rudi nyumbani," na siku ile hakulipwa.

Tangu hapo mabwawa mengine yamejengwa: Bujagali mwaka 2012, Isimba mwaka 2019 na Karuma mwaka 2024. Umeme umeongezeka. Lakini tukumbuke kwamba yote yamo katika mto ule ule mmoja. Ziwa likishuka, yote huona kiu. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hata likafurika nyumba za pwani yake, na wengine wakasema shida ya maji imekwisha. Ziwa hupanda na kushuka. Haifai kupanga maisha kwa kutazama mwaka mmoja mzuri.

Jirani zetu wa Zambia walipata somo hili kwa uchungu. Umeme wao mwingi hutoka kwa maji, hasa bwawa la Kariba. Rais wao alitangaza ukame kuwa janga la taifa mwezi Februari 2024, baada ya wilaya 84 kati ya 116 kuathirika. Mahindi yalikauka, na mwaka huo huo umeme ukakatika kwa saa nyingi sana kila siku. Fundi wa kulehemu, mwenye saluni na mfanyakazi wa kinu cha unga walikosa kazi pamoja na mkulima.

5. MWILINI NA NYUMBANI

Ukame huja pamoja na jua kali. Wakata miwa wa Nicaragua na El Salvador, huko Amerika ya Kati, wamekufa kwa maelfu kwa ugonjwa wa figo, na wengi wao walikuwa vijana. Kazi nzito juani bila maji na bila kupumzika imeonekana kuwa sababu kubwa. Mahali walipoleta mpango wa maji, kivuli na mapumziko ya lazima, madhara ya figo yalipungua, na kazi haikuharibika. Hili ni jambo la kumwonyesha meneja anayesema kwamba mapumziko ni hasara.

Kila mwanachama ajue dalili hizi: kichwa kuuma, kizunguzungu, misuli kukaza, mkojo mchache wenye rangi nzito. Mtu akianza kuchanganyikiwa au kuanguka, hiyo ni hatari ya kifo. Apelekwe kivulini, apozwe kwa maji mwilini, na apelekwe hospitali mara moja. Anayefanya kazi juani anywe kikombe kimoja kila baada ya dakika 15 au 20, asingoje kiu.

Nyumbani mzigo mkubwa ni wa akina mama na wasichana. Kisima cha karibu kikikauka, safari ya maji hurefuka, na mtoto wa kike huacha shule kupanga foleni ya jerikani. Maji yakiwa haba mikono haioshwi, na kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu hupata nafasi. Mtoto akihara, tengenezeni maji ya uhai: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Anyweshwe kidogo kidogo, na apelekwe kwa mganga.

Chakula nacho kina hatari zake. Njaa humfanya mtu ale kilichopo bila kungoja. Mwaka 1981, katika mkoa wa Nampula nchini Msumbiji, watu zaidi ya 1,000 walipooza miguu wakati wa ukame kwa sababu walikula muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa vya kutosha. Mwaka 2004 huko Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu. Basi muhogo mchungu ulowekwe na kukaushwa hata wakati wa njaa, na mahindi yenye ukungu yasiliwe, wala yasipikwe pombe.

6. TUFANYE NINI SISI WENYEWE?

Akiba haiozi. Tunaanza na mambo yaliyo mikononi mwetu.

(a) Tuvune maji ya bati. Hesabu ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja ya maji. Nyumba ya kambi yenye paa la mita 8 kwa 5 ina mita za mraba 40. Mahali penye mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, paa hilo hupokea lita 40,000. Tukitoa sehemu moja ya tano inayomwagika, tunabaki na lita 32,000, yaani jerikani 1,600 za lita 20. Jamaa ya watu watano inayotumia jerikani tano kwa siku inapata maji ya siku 320. Maji haya yanapita mlangoni mwetu kila mwaka yakichimba mitaro.

Lakini mvua haisubiri. Bila tangi maji yamekwenda. Tangi la lita 5,000 lina jerikani 250. Likitumiwa kwa kunywa na kupika tu, jerikani mbili kwa siku, linafika siku 125. Tangi ni ghali kwa mtu mmoja, lakini nyumba nne zikichanga zinaweza. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi imwagwe kwa sababu huosha vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi lifunikwe ili mbu wasizae, na maji ya kunywa yachemshwe.

(b) Tulime kidogo kwa akili. Palipo na kipande cha ardhi kambini, tupande vyakula vinavyovumilia jua: muhogo, viazi vitamu, mbaazi, kunde, mtama. Tuweke nyasi kavu juu ya udongo kuzunguka mimea ili jua lisinywe maji. Asiye na ardhi apande sukuma au dodo katika gunia lililojazwa udongo na mbolea, na alimwagilie maji aliyooshea mboga.

(c) Tununue chakula pamoja wakati wa mavuno. Mahindi na maharagwe huwa rahisi baada ya kuvuna, na ghali miezi michache baadaye. Faida ile huchukuliwa na mwenye ghala. Tawi likikusanya michango midogo kila siku ya mshahara, linaweza kununua magunia na kuwauzia wanachama kwa bei ile ile ya kununulia. Mahindi yawe makavu kweli. Njia ya kupima: tia chumvi kavu na punje za mahindi katika chupa kavu, tikisa, kisha acha kidogo. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado yana maji, na hayafai kuwekwa ghalani. Wachaguliwe watu watatu wa kutunza ufunguo, daftari na fedha, na asiwe mmoja anayeshika vyote.

(d) Tuwe na chama cha akiba na mikopo. Mtu asiye na akiba, ukame ukija, huenda kwa mkopeshaji anayeshika kadi yake ya mshahara, na hata mvua ikirudi yeye bado yuko katika ukame.

(e) Tuwe na daftari la ukame. Katibu wa tawi achukue kopo lenye kuta zilizonyooka, mdomo na kitako viwe sawa. Aliweke mahali pa wazi, mbali na miti na mapaa. Kila asubuhi apime kina cha maji kwa rula ya shule: milimita kumi ndani ya kopo ni milimita kumi za mvua. Aandike, kisha amwage. Katika daftari hilo hilo aandike kilo za wastani za wachumaji, siku walizoitwa kazini na bei ya unga dukani. Baada ya mwaka mmoja tawi lina ushahidi wake lenyewe. Siku ya mazungumzo meneja akifungua kitabu chake, na sisi tunafungua chetu.

7. TUDAI NINI KWA MWAJIRI NA KWA SERIKALI?

Mwajiri atasema, "Mvua si yangu. Mniombe nini?" Ni kweli, mvua si yake. Na sisi si yetu. Basi haifai hasara yake iwe ya upande mmoja. Katika miaka ya mvua nzuri, mfanyakazi wa kipande huongeza kilo, lakini kampuni huongeza faida na kuweka akiba benki. Akiba ile ndiyo inayopaswa kuvusha watu wote.

Tena tuseme ukweli baina yetu. Kampuni nayo inaweza kuwa katika shida. Hatudai kitu cha kuliua shamba, maana shamba likifa na sisi tumekwisha. Tunadai hesabu ziwekwe mezani, na mzigo ugawanywe kwa haki. Hapa Uganda kima cha chini cha mshahara kilichowekwa kwa sheria mwaka 1984 kilibaki pale pale kwa miongo mingi, hata hakina maana tena sokoni. Kwa hiyo paa letu ni mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri. Katika mkataba huo tutafute maneno haya:

Malipo ya siku yasiyoshuka chini ya kiwango fulani, hata kikapu kikiwa chepesi, kwa mtu aliyefika kazini na kufanya saa zake.

Aliyeitwa kazini akarudishwa getini kwa kukosa umeme au majani alipwe sehemu ya siku.

Kazi zikipungua, siku zigawanywe kwa zamu kati ya wote kabla ya kufukuza wengine. Na kazi za ukame zitafutwe: kupogoa chai, kuchimba mitaro ya kuhifadhi maji, kupanda miti ya kivuli, kuweka nyasi shambani, kutengeneza nyumba za kambi.

Saa za kazi zianze alfajiri na ziache jua la mchana, bila kupunguza malipo. Maji ya kunywa na kivuli viwe shambani, si ofisini tu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe maji safi ya kunywa.

Mabati ya kambi yawekewe mifereji na matangi kwa gharama ya kampuni.

Wakati wa kupunguza watu, wanachama wajue haki yao. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema kwamba mwajiri anayetaka kuachisha watu kumi au zaidi katika muda wa miezi mitatu kwa sababu za uchumi, lazima awape wawakilishi wa chama habari si chini ya wiki nne kabla, na amjulishe Kamishna wa Kazi. Mtu aliyefanya kazi mwaka mmoja hadi mitano ana notisi ya mwezi mmoja, mitano hadi kumi miezi miwili, na zaidi ya kumi miezi mitatu. Na kwa kanuni za mwaka 2011, kibarua aliyeendelea kazini miezi minne anastahili mkataba wa maandishi. Vibarua ndio wa kwanza kufukuzwa mvua ikikosa, kwa hiyo tuwaandikishe katika chama mapema. Hatuwezi kuwatetea watu ambao majina yao hatuna.

Kwa serikali tudai utabiri wa hali ya hewa utangazwe kwa lugha tunazozielewa na ufike mashambani, mipango ya umeme isitegemee mto mmoja, kipimo cha maji ya ziwa kiheshimiwe, na misitu na mabwawa ya matete yalindwe hata dhidi ya wakubwa.

Jambo la mwisho ni wakati. Kifungu cha ukame huandikwa katika mkataba wakati wa mvua, pale kiwanda kinapohitaji kila mkono na meneja hataki kusikia neno mgomo. Tukingoja mpaka majani yamekauka, tunakwenda mezani tukiwa na njaa, na mwenye njaa hukubali chochote. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika ukame uliopita, nani katika kambi yetu aliumia kwanza, na kwa nini?
2. Fanyeni hesabu ya sehemu ya pili kwa tarakimu za shamba au kiwanda chenu. Mshahara wa mwezi mzuri ulinunua kilo ngapi za unga? Na wa mwezi mbaya?
3. Paa la nyumba yenu lina mita za mraba ngapi? Maji yake yanakwenda wapi?
4. Mkataba wetu wa pamoja unasema nini juu ya siku ambazo hakuna majani au umeme? Kama hausemi kitu, nani ataandika kifungu, na kitapelekwa mezani mwezi gani?
5. Katika tawi letu kuna vibarua wangapi waliopita miezi minne bila mkataba? Nani atakwenda kuwaona wiki hii?

Kila kikundi kiandike majibu yake, nakala moja ibaki katika daftari la tawi, na nyingine imfikie katibu wa wilaya kabla mvua za msimu huu hazijakwisha.

Umoja ni nguvu.